Mama hajawahi kuvuta sigara, COPD imetoka wapi?

Swali: Daktari, shikamoo. Mama yetu ana miaka 61, anaishi kijijini Mufindi. Anakohoa mwaka wa sita sasa, na akitoka kisimani kile kilima kidogo anakipanda kwa kusimama mara tatu. Ameshapewa dawa za TB mara mbili, mara ya pili bila makohozi kuonyesha kitu. Mwezi uliopita daktari mmoja alimwandikia "COPD" kwenye cheti, akatuambia ni ugonjwa wa wavuta sigara. Mama hajawahi kugusa sigara. Sasa kaka yangu mkubwa anauliza nyumbani kama mama alikuwa anavuta kwa siri! Nimetafuta mtandaoni, wapo wanaosema wagonjwa duniani ni milioni 200, wengine karibu milioni 400. Nani anasema kweli? Ugonjwa huu umeenea kiasi gani, na sisi huku tumo?

Jibu: Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Kabla ya namba yoyote, mwambie kaka yako akamwombe mama radhi. Mwanamke aliyeinamia mafiga tangu akiwa binti hahitaji kuvuta sigara kwa siri ili mapafu yake yachoke.

Tuanze na hizo herufi nne. COPD ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Mirija inayopitisha hewa imevimba kwa ndani, imekakamaa na kujaa makohozi, na vile vifuko vidogo vilivyo mwisho wa mirija vimechakaa, havina tena ule mvuto wa kuisukuma hewa nje. Watu wengi wanadhani mgonjwa anashindwa kuingiza hewa. Kazi yenyewe ni kuitoa. Mama akipanda kilima anahema haraka, hewa ya zamani haijamaliza kutoka, mpya inakosa pa kukaa, basi anasimama. Pumu nayo hubana mirija, lakini pumu huja na kuondoka, na mtu akipata dawa anaweza kurudi sawa kabisa. Huu hauondoki wote. Hupungua tu, tena ukitunzwa.

COPD ina ndugu zake. Ukijumlisha magonjwa yote sugu ya mapafu, pumu ikiwemo na kovu la wachimba madini likiwemo, makadirio ya mwaka 2017 yalikuwa watu milioni 545, kama watu 7 katika kila 100 duniani. Pumu peke yake mwaka 2019 ilikadiriwa watu milioni 262. Kwa hiyo ukisoma habari inayosema "ugonjwa sugu wa mapafu", angalia kwanza mwandishi anahesabu ukoo mzima au mtoto mmoja. Nimeona magazeti yakichanganya vitu hivi viwili ndani ya aya moja.

Tuje kwenye milioni 200 na milioni 400 zako. Zote mbili zinahusu COPD tu, na zote ni za mwaka uleule wa 2019. Ya kwanza, milioni 212, imetoka kwenye mradi mkubwa wa kimataifa unaokadiria mzigo wa maradhi duniani. Ya pili, milioni 392, imetokana na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022, uliokusanya tafiti za nchi nyingi na kuhesabu watu wa miaka 30 hadi 79. Hiyo ni sawa na watu 10 na kidogo katika kila 100 wa umri huo. Na watafiti walewale wa milioni 392, walipotumia kipimo kingine kikali zaidi, walipata milioni 292. Karatasi moja, watafiti walewale, na wagonjwa milioni 100 wakapotea pasipo mtu yeyote kupona.

Ili uelewe walikokwenda, inabidi nikuingize kwenye chumba chetu cha kipimo.

Bibi mmoja anaketi kwenye kiti kisicho na magurudumu (wakati mwingine watu hupata kizunguzungu, hatutaki ateleze). Tunambana pua kwa kibanio cha plastiki, naye anacheka, kila mtu hucheka hapo. Anashika bomba la karatasi mdomoni. Mtaalamu wetu wa spirometria (ndicho kipimo chenyewe cha kupuliza), kijana mpole kabisa nje ya chumba kile, anageuka kuwa mtangazaji wa mpira: "Vuta yote, vuta, vuta, haya PULIZA! Puliza puliza puliza, usiache, usiache, bado ipo, bado ipo, malizia!" Sekunde sita au zaidi. Mara ya kwanza bibi anacheka katikati. Mara ya pili anakohoa. Mara ya tatu anapatia. Tunarudia mpaka tupate tatu zinazofanana. Kisha anavutishwa dawa ya kufungua mirija, tunasubiri dakika 15, na tunaanza upya.

Mwishoni mashine inatoa karatasi yenye namba mbili zinazotuhusu: hewa iliyotoka sekunde ya kwanza, na hewa yote iliyotoka. Tuseme sekunde ya kwanza imetoa lita 1.4 na yote ni lita 2.6. Gawanya, unapata asilimia 54. Mtu mzima mwenye mirija safi hutoa robo tatu ya pumzi yake au zaidi ndani ya sekunde hiyo moja. Mpaka uliokubalika kimataifa ni asilimia 70. Ikiwa chini ya hapo baada ya dawa, na mtu ana dalili, tunasema mirija imeziba.

Sasa ubishi uko kwenye huo mpaka. Uwiano huu hushuka wenyewe kadiri mtu anavyozeeka, hata kama hajawahi kuugua. Ukimpimia mzee wa miaka 75 kwa asilimia 70, unaweza kumwita mgonjwa mtu anayelima shamba lake bila tatizo. Ukimpimia kijana wa miaka 33 kwa mpaka huohuo, unaweza kumwambia yuko salama wakati wenzake wote wa umri wake wako kwenye 83 na yeye yuko kwenye 72. Ndiyo maana wengine hawatumii 70 kwa wote. Wanamlinganisha mtu na rika lake, na kumwita mgonjwa yule tu aliye kwenye 5 wa chini kabisa katika kila 100 wenye afya. Kipimo cha kwanza kilizaa milioni 392, cha pili milioni 292. Nao wa milioni 212 wana kanuni zao za kujazia palipokosekana takwimu, na niamini, pengo lililo kubwa zaidi la takwimu hizo ni huku kwetu.

Ukinibana nikupe jibu moja la kukumbuka, nitasema mtu mzima 1 katika 10 waliovuka miaka 40. Sitoi hewani. Utafiti mmoja mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2007 uliwapulizisha watu zaidi ya 9,000 wenye miaka 40 kwenda juu katika miji 12, kwa mashine za aina moja na kanuni zilezile, ukakuta 10 katika kila 100 wana mirija iliyoziba kwa kiwango cha kati au kibaya zaidi.

Vifo vinahesabika kwa ubishi mdogo kidogo. Shirika la Afya Duniani liliweka COPD nafasi ya tatu kati ya visababishi vya vifo mwaka 2019, vifo milioni 3.23. Mwaka 2021 vilikuwa kama milioni 3.5, lakini ugonjwa ukashuka hadi nafasi ya nne. Kilichoushusha ni korona, iliyoingia moja kwa moja nafasi ya pili. Na hapa ndipo unapoanza kuona jibu la swali lako la "sisi tumo?": kati ya wanaokufa kwa COPD kabla ya kufika miaka 70, karibu 9 katika kila 10 wako kwenye nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Wastani wa dunia ni kama wastani wa kina cha mto, haukuambii wapi utazama. Katika ile miji 12, uliokuwa juu ya yote ulikuwa wa Afrika: Cape Town. Wanaume 22 katika kila 100, wanawake karibu 17. Pale yamekutana mambo mengi mahali pamoja: sigara kwa wanaume na wanawake, TB ya vizazi, vumbi la kazini. Utafiti mwingine wa miji mitano ya Amerika ya Kilatini ulipata kama 8 katika 100 pale Mexico City na karibu 20 pale Montevideo. Nchini China, watafiti waliwapima watu karibu 51,000 na kutangaza mwaka 2018 kwamba nchi hiyo ina wagonjwa milioni 99.9, karibu wakazi wote wa Kongo ya Kinshasa. Na kilichonishtua mimi ni mstari mwingine wa ripoti hiyohiyo: waliokuwa wakijua kwamba wana ugonjwa huo hawakufika 3 katika kila 100. Nchi yenye hospitali zote zile.

Kwetu? Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya wilaya ya Masindi, Uganda. Walipima watu wa vijijini wenye miaka 30 kwenda juu, wakakuta 16 katika kila 100 mirija imeziba. Wanawake walikuwa juu kidogo kuliko wanaume, jambo ambalo kwenye vitabu vyetu vya chuo halikuwepo. Na kundi lililoongoza kwa idadi ya wagonjwa lilikuwa la miaka 30 hadi 39! Vitabuni huu ni ugonjwa wa mzee wa Ulaya aliyestaafu na kikohozi chake cha asubuhi. Masindi ulikuwa ugonjwa wa watu wenye watoto wadogo mgongoni. Zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa wakiishi na moshi wa kuni.

Tanzania, karibu kabisa na Dar es Salaam, pale Mlandizi mkoani Pwani, walipimwa watu wenye miaka 35 na zaidi. Matokeo ya mwaka 2018: 17.5 katika kila 100, wanaume karibu 22, wanawake karibu 13. Karibu wote walikuwa wakitumia kuni au mkaa. Kwa hiyo tumo, tena sana, na mama yako ana wenzake wengi walioandikiwa "bronkaitisi", "pumu ya uzeeni", "TB", au hawakuandikiwa kitu.

Ningeweza kuishia hapa na kukuambia basi, ni kuni. Lakini ungeenda Malawi ungenirudishia maneno yangu. Pale Blantyre walipima kwa kanuni zilezile za kimataifa, na walioziba mirija walikuwa 4 tu katika kila 100. Moshi upo, umaskini upo, lakini kuziba hakuna. Walichokikuta badala yake ni mapafu madogo: karibu watu 4 katika kila 10 walikuwa na pumzi yote iliyo ndogo kuliko inavyotarajiwa. Mirija haikuziba, ila chombo chenyewe ni kidogo. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na mapafu ya Mmalawi kulinganishwa na ya Wamarekani weupe, na wataalamu wamegombana juu ya hilo miaka mingi. Lakini haiwezi kuwa yote, kwa sababu watafiti walipotazama nchi nyingi pamoja, waliona vifo vinavyoandikwa COPD kwenye nchi maskini vinafuatana na haya mapafu madogo na umaskini kuliko vinavyofuatana na sigara.

Fikiria mapafu kama kibubu. Unaweka akiba tangu tumboni mwa mama mpaka kwenye miaka 20 na kitu. Baada ya hapo huweki tena, unatoa tu, kidogo kidogo, kila mwaka. Mvuta sigara anatoa kwa pupa, ndiyo COPD ya vitabuni. Lakini kuna mtu mwingine ambaye anatoa kwa kiasi cha kawaida kabisa, ila kibubu chake hakikujaa: alizaliwa na uzito mdogo, akaugua nimonia mbili kabla ya kutimiza miaka mitatu, akakulia jikoni mgongoni mwa mama. Huyu anafika miaka 50 akiwa na salio la mtu wa miaka 80. Utafiti uliowafuatilia watu kwa miongo huko Ulaya na Marekani, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta kama nusu ya wagonjwa wa COPD walikuwa ni hawa, wa kibubu kisichojaa. Kama ni nusu kule, huku kwetu siwezi kuamini ni pungufu.

Sigara siiachilii. Kwenye nchi tajiri ndiyo chanzo cha zaidi ya wagonjwa 7 katika kila 10. Kwenye nchi kama zetu ni kama 3 hadi 4 katika kila 10. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta Watanzania wazima wanaotumia tumbaku ya aina yoyote ni kama 9 katika 100, na wanawake ni kama 3 tu. Sasa chukua daktari aliyesomea vitabu vya Ulaya, mpe mgonjwa mwanamke wa Mufindi. Swali la kwanza analouliza ni "unavuta sigara?" Akijibiwa hapana, ama anafuta COPD kichwani na kuandika kitu kingine, ama anaandika COPD na kubaki anamtilia shaka mgonjwa. Yaliyompata mama yako ni hayo ya pili. Swali hilo moja limetupotezea wagonjwa wengi kuliko ukosefu wa mashine. Mimi siku hizi naanza na "ulianza kupika ukiwa na umri gani, na jiko lilikuwa wapi?" Akina mama hushangaa, kisha wanasimulia. Jiko la ndani, mlango mmoja, dirisha dogo au hamna. Mahindi ya mbegu yametundikwa juu ya moto ili moshi uyakinge na wadudu, na dari ni jeusi linang'aa kwa masizi. Huko kwenu kuna baridi, moto hauzimwi baada ya ugali, watu wanaota mpaka wanalala. Shirika la Afya Duniani linataka vumbi laini la hewani lisizidi maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo kwa siku. Jiko kama hilo hufika mamia, na moto ukiwa unawashwa na kuni mbichi hupita elfu.

Nikuambie pia kuwa si wataalamu wote wanaokubaliana nami juu ya kuni. Uchambuzi mmoja wa takwimu za nchi nyingi, watu zaidi ya 18,000, haukuona uhusiano kati ya kupikia kuni na mirija kuziba. Ninauheshimu, lakini unauliza mtu "je, umewahi kupikia kuni?" mahali ambapo kila mtu amepikia, na kwa swali hilo tofauti hujificha. Ushahidi ninaoutegemea zaidi unatoka Xuanwei, kusini-magharibi mwa China, ambako watu walikuwa wakichoma makaa ya mawe yenye moshi mzito ndani ya nyumba bila bomba. Kuanzia miaka ya 1970 wakaanza kuweka majiko yenye bomba la kutolea moshi nje. Watu zaidi ya 20,000 walifuatiliwa kwa miaka. Waliobadilisha jiko walipata COPD kwa uchache: wanaume pungufu kwa asilimia 42, wanawake kwa asilimia 25. Ila faida ilionekana wazi baada ya kama miaka 10. Moshi hudai deni taratibu, na hulisamehe taratibu vilevile.

Ndiyo maana sikushangaa sana majaribio mawili ya karibuni yalipovunja mioyo ya watu. Malawi waligawa majiko sanifu ya kuni kwa familia za watoto 10,750, nimonia haikupungua. Rwanda, India, Peru na Guatemala waliwapa wajawazito majiko ya gesi na gesi yenyewe bure, moshi jikoni ukapungua kwa kiasi kikubwa, lakini nimonia kali kwa watoto wachanga haikupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Wapo waliosema basi, gesi haina maana. Mimi nasema wamepima mwaka mmoja na nusu kwenye jambo la miaka arobaini, na mtoto anatoka jikoni safi kwenda kwa jirani anayechoma takataka. Serikali ya Tanzania imejiwekea lengo la kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Likitimia, matokeo yake kwenye mapafu atayaona daktari aliye darasa la tano sasa hivi.

TB nimeiacha makusudi mpaka hapa kwa sababu ndiyo inayomgusa mama moja kwa moja. TB iliyopona huacha makovu, na makovu huvuta na kuziba mirija. Mtu aliyewahi kuugua TB ana uwezekano wa kuziba mirija kama mara mbili na nusu ya asiyewahi. Kwa hiyo inawezekana TB ya kwanza ya mama ilikuwa ya kweli na imechangia. Ya pili, iliyotibiwa bila makohozi kuonyesha kitu, nina wasiwasi nayo. Mtu wa kijijini anayekohoa, amekonda, picha ya kifua ina makovu ya zamani: ni rahisi sana kumrudishia vidonge vya miezi sita. Simlaumu aliyeandika. Kama huna mashine ya kupuliza, COPD haina sura.

Basi kwa mama fanyeni hivi. Akikohoa tena zaidi kuliko kawaida yake, au akipata homa na jasho la usiku, apimwe makohozi kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vimelea vya TB, kabla ya mtu yeyote kumwanzishia TB ya tatu. Dawa yake ya kuvuta muulizeni anaivutaje; wengi ninaowaona wanaipuliza kwenye ulimi, inaishia tumboni. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, kavu na safi, toboa kitako chake tundu linalobana mdomo wa inhela, ziba pembeni kwa plasta. Mama aweke mdomo kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja, avute taratibu mara kadhaa. Chupa hiyo haina aibu: ilipimwa Cape Town kwa watoto wenye pumu, ikafanya kazi vizuri kama vyombo vya dukani. Jikoni, kama gesi bado ni ghali, hamishieni moto kwenye banda la wazi, kuni zikaushwe, na mama asiwe yeye wa kuwasha. Hapo mtapata ugomvi, najua. Mwanamke wa Mufindi hakabidhi jiko lake kirahisi. Atembee kila siku, hata kama anahema; kuhema kwenyewe hakumuumizi, kukaa ndiko kunakomaliza misuli. Na msimnunulie zile sindano na vidonge vya steroidi dukani kila anapobanwa. Vinampa nafuu ya siku tatu na kumla mifupa. Midomo ikigeuka rangi, akishindwa kumaliza sentensi, au akianza kuchanganyikiwa, hiyo ni ya hospitali usiku huohuo.

Jambo moja hukulitaja kwenye barua: kama mama alipulizishwa mashine au aliandikiwa COPD kwa kusikilizwa kifua tu. Kama hajapulizishwa, mwombeni daktari wenu rufaa ya kwenda hospitali kubwa yenye spirometria, na ile ya pili baada ya dawa isirukwe. Karatasi ikitoka, usikubali kuambiwa tu "ni mbaya" au "si mbaya". Omba nakala, na unitumie namba mbili: lita za sekunde ya kwanza, na lita za pumzi yote.